Pagazi Hakufa kwa Kidole Chako

Ng'ambo, Tabora
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Shija mwanangu,

Pagazi hakufa kwa kidole chako. Nilimuua mimi. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si Bibi, si padri, wala si daftari langu ambalo huwa naliambia kila kitu. Nimelitanguliza hata kabla ya kukusalimu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitajaza kurasa mbili za salamu, kisha nitafunga barua na kujisifu kwamba nimeandika. Nitaeleza yote. Usiikunje karatasi kwanza.

Najua pia kwamba umecheka uliposoma "mwanangu". Nimekuzidi miaka mitatu tu, na tangu masika yaliyopita umenipita kimo. Lakini mama yako alikuwa dada yangu mkubwa, na alipofariki nikabaki mama yako mdogo, hata kama siku ile nilikuwa mama wa miaka minane mwenye meno mawili yaliyong'oka. Bibi hataki mzaha katika hilo. Juzi alinikuta nasoma jikoni, ugali ukianza kushika chini, akaniambia:

"Kabula, mtoto wako anasafiri Jumapili. Mama humpa mtoto neno. Umeandaa neno gani?"

"Utampa wewe, mama."

"Mimi nitampa la bibi. La mama ni lako."

"Mbele ya watu wote?"

"Sasa unataka ukalisemee ndani ya mtungi?"

Mtungi ungenifaa sana, ila haukuwa karibu, na karatasi ipo. Kwa hiyo neno langu ni hili. Habari za blanketi, za kufuli la tranka, za kutokunywa maji yasiyochemshwa na za kumwamkia kila mtu mwenye mvi hata kama yuko upande wa pili wa reli, Bibi amekwisha kukuambia mara saba. Sitazigusa.

Shija, unakwenda Kigoma! Tangu siku majina yalipobandikwa sijatulia. Nilikwenda kusoma ile orodha mara tatu, mara ya tatu nikijifanya nimeangusha kalamu pale chini. Mtoto wa nyumba yetu amechaguliwa sekondari, tena mbali, tena kwa treni. Babu yake Bibi aliitembea njia hiyo kwa miguu, mzigo kichwani, kutoka hapa kwetu Unyanyembe mpaka Ujiji ziwani, siku nyingi mno, nyayo zikipasuka. Wewe utaipita umelala huku umekumbatia chapati za Bibi. Nimekuonea wivu mpaka nimeona aibu, halafu wivu ukageuka furaha tena. Ndivyo nilivyoshinda wiki nzima.

Sasa turudi kwa Pagazi.

Unakumbuka siku Firoz alipoileta ile gemu? Mjomba wake alikuwa amerudi kutoka safari ya nje, na badala ya shati akamletea kile kisanduku cha kutosha kiganjani, chenye kioo kidogo na vitufe viwili. Dukani kwa baba yake rafu zilikuwa na viberiti, chumvi na kamba za katani tu, lakini wiki ile palijaa watoto kuliko siku ya sukari. Ndani ya kioo kulikuwa na mtu mweusi mdogo, mzigo kichwani, akipanda mlima huku mawe yakimporomokea. Kitufe cha kushoto akwepe huku, cha kulia akwepe kule. Ti, ti, ti. Mawe matatu yakimpata, kwisha. Ni wewe uliyempa jina. Ulisema, "Huyu ni pagazi," na kufikia jioni mtaa mzima ukawa unauliza Pagazi amefika wapi.

Hata Bibi alimtazama. Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Anakwenda wapi na mzigo huo?"

"Haendi popote, Bibi," ukamjibu. "Anapanda tu."

"Basi huyo yuko kwenye foleni ya sukari."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Usiku ule ule niliandika mstari huo katika safu yangu.

Safu ile ilikuwa yangu na yako, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Wengine wote shuleni kwetu wanajua kwamba gazeti la ukutani lina habari za michezo zinazoandikwa na mtu anayejiita Kete Moja. Hawajui ni nani. Wewe ulijua, maana mimi niliandika na wewe ukaleta. Kibarazani kwa fundi Hamisi, pale wanaposhindana bao kutoka adhuhuri hadi magharibi, msichana hawezi kwenda kusimama na daftari. Na hata angeweza, msichana huyo asingekuwa mimi. Wewe ulikwenda. Ulikaa karibu na cherehani, ukarudi na habari zote mdomoni: nani kamfunga nani, nani kalala mtaji wa kwanza, yaani zamu ya kwanza tu kete yake ya mwisho ikaangukia shimo tupu, katibu wa tawi kapigwa mara tatu mfululizo na msukuma mkokoteni akaambiwa, "Ndugu katibu, hapa hakuna mkutano wa kukuokoa." Uliigiza sauti zao zote. Fundi Hamisi uliigiza mpaka kikohozi. Na za watoto ulileta pia: drafti la vizibo vya soda, kombolela, bingwa wa mdako wa mtaa wa pili ambaye ni mtoto wa miaka tisa na hana huruma.

Kabla ya hapo nilidhani michezo ni kitu watu wanachofanya wakimaliza mambo ya maana. Wewe na habari zako mlinionyesha vingine. Katika foleni ya sukari watu waliokuwa wakinuniana walipatana mtu mmoja alipotoa vijiwe vya mdako. Fundi Hamisi alipofiwa, wenzake hawakujua la kumwambia. Walikuja, wakaweka ubao katikati, wakacheza naye kimya siku tatu. Hilo ulinisimulia wewe, nami nililiandika, na mwalimu wetu wa Kiswahili akasimama mbele ya ubao wa gazeti muda mrefu, akalisoma tena toka mwanzo. Nilifurahi mpaka nikakosa hamu ya kula.

Basi kwenye gemu ukafikisha pointi mia tatu na kumi na mbili. Hakuna aliyekuwa amevuka mia mbili! Firoz mwenyewe alikupa mkono kama mkuu wa mkoa, akakuazima gemu siku mbili, uirudishe Ijumaa kabla ya swala. Ulikuja mbio, kisanduku kimefungwa ndani ya leso, ukaniambia, "Mama mdogo, kesho nafikisha mia tano. Andaa kalamu." Ulikuwa ukiniita mama mdogo kwa utani, lakini siku ile nililisikia kama jina langu.

Asubuhi ya Alhamisi nilimwangalia Pagazi nikaona amefifia. Alikuwa kama mtu aliyeandikwa kwa penseli kisha akafutwa nusu. Betri zilikuwa zinakwisha, na betri zile ndogo kama vifungo vya shati hazikuwepo Tabora nzima. Nikaanza kuwaza. Betri za redio zikichoka sisi hufanya nini? Bibi huzianika juu ya bati la paa la jiko, na jioni tunasikia taarifa ya habari. Kila nyumba hufanya hivyo. Kifuniko cha gemu kilikuwa na skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, na niliogopa kuipoteza. Nikasema, basi nitaianika nzima. Wewe ulikuwa umekwenda bombani, ilikuwa zamu yako ya maji. Nilitaka urudi umkute Pagazi ana nguvu, ufikishe mia tano, nami niandike habari kubwa kuliko zote. Usidhani nilikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na haraka na furaha, na vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja huwa havina macho.

Niliiweka juu ya bati, uso juu. Nikachukua kitabu nisome ukurasa mmoja.

Sijui nilisoma kurasa ngapi. Nilipopanda juu ya kinu kuishusha ilikuwa inaunguza vidole, na kioo chote kilikuwa cheusi kama wino uliomwagika. Nikaifunga kitambaa chenye maji, kama tunavyopoza maziwa. Nadhani hapo ndipo nilipommalizia kabisa. Nikaifuta, nikairudisha ndani ya leso yako, nikaenda jikoni kuchekecha unga. Unga ulikuwa umekwisha kuchekechwa. Niliuchekecha tena.

Ukarudi na ndoo. Ukanawa mikono, ukaifuta kwenye kaptula mbele na nyuma, maana uliiheshimu sana ile gemu. Ukabonyeza. Ukabonyeza tena, kwa nguvu. Kisha nikakusikia ukisema polepole, "Nimemuua."

Nilikuwa mlangoni, Shija. Hatua nne. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "Ni mimi," nayo hayakutoka. Nimezoea maneno kunikwama mbele ya watu, lakini wewe si watu. Hapo ndipo nilipojua kwamba haikuwa haya. Ilikuwa woga, na nimekuwa nikiuvisha nguo za haya tangu utotoni ili watu wanionee huruma.

Uliirudisha mwenyewe. Baba yake Firoz hakukugombeza. Alisema vitu vya umeme vina siku zao, akakupa peremende. Lakini Firoz alikuambia mbele ya wenzenu, "Hivyo ni vidole au mipini ya majembe?" na hajakusemesha tangu siku ile.

Bado sijamaliza. Jumatatu ilifika, na gazeti lilikuwa linasubiri safu. Ningeweza kuandika habari za rede. Niliandika taazia. Niliandika kwamba Pagazi amefariki dunia akiwa kazini, kwa kubonyezwa kupita kiasi na kidole cha bingwa wa Ng'ambo, na ameacha mlima, mawe na mzigo usio na mwenyewe. Nilidhani nikichekesha kidogo jambo litakuwa dogo. Haijapata kutokea gazeti la ukutani kusomwa namna ile. Wasichana walinakili, wakawapelekea kaka zao, na kufikia Jumatano watoto wote wa mtaa walikuwa wanakuita Kidole. "Kidole, usiguse mlango, utakufa!" "Kidole, nisalimie kwa kiwiko!"

Jina lile nililitunga mimi kwa mwandiko wangu mzuri, na wewe ulijua, kwa sababu ulijua Kete Moja ni nani. Nilingoja unikasirikie. Hukunikasirikia. Ulisema tu, "Ile ya mzigo usio na mwenyewe ni nzuri," ukaenda kukata kuni. Nafikiri hakuna kitu kilichoniuma kama sifa ile.

Tangu hapo hujaleta habari hata moja. Nilipita kwa fundi Hamisi nikakuona umesimama nyuma ya wachezaji, mikono umeifunga mgongoni. Wakakuita, "Njoo ucheze, kijana." Ukasema, "Nitavunja." Walicheka, wakidhani ni utani.

Kwa hiyo neno langu la mama nimelichukua kwa fundi yule yule, tena uliniletea wewe mwenyewe kabla ya mambo haya. Ulisema barazani kwake ukikosea kugawa kete, ukatia mbili penye moja, ukisema mwenyewe kabla mwenzako hajashika zake, mnarudisha, mnaendelea, hakuna neno. Ukinyamaza ukagunduliwa, unainuka unampisha mwingine. Niliandika sheria hiyo miezi mingi iliyopita, nikaipamba kwa wino mwekundu, wala sikujua kwamba nilikuwa naandika habari zangu. Kuna watu hujua jambo kwa kulisoma. Mimi nimekuwa mmoja wao, nami nakuambia kujua kwa namna hiyo hakutoshi. Nilikuwa na vitabu vingi kichwani siku ile na hakuna hata kimoja kilichonisogeza hatua nne.

Huko uendako utakosea. Sisemi hivyo kukutisha. Utakosea kwa sababu unafanya mambo kwa moyo wote kama mimi, na moyo wote una kasi. Ukikosea, usiwe hodari wa kuchekecha unga uliokwisha kuchekechwa. Mengine yote utayajua kuliko mimi.

Na ucheze. Hilo nakuomba kuliko yote. Bibi anasema babu yake alikuwa akisimulia kuwa wapagazi walipotua mizigo kambini, kabla hata moto haujashika, mtu mmoja alichimba mashimo ardhini, safu nne, nane nane, wakacheza isolo, yaani bao hili hili letu, kwa kokoto. Mnyamwezi na Mmanyema na mtu wa pwani, hawajuani majina, wengine hawasikilizani hata lugha, lakini wote waliijua zamu. Asubuhi waliyaacha mashimo pale pale, na msafara uliofuata ukayakuta tayari. Nikiwaza hivyo naona njia nzima toka hapa hadi Ujiji imetobolewa vishimo, na wewe unapita juu yake kwa treni! Siku ya kwanza bwenini utakuwa hujui mtu. Usingoje wakuite. Chimba mashimo thelathini na mawili nje ya mlango, ukae karibu. Watakuja wenyewe. Halafu uniandikie kila kitu, na sauti zao, na vikohozi.

Naweka kalamu chini kidogo. Saa inakwenda kumi na kuna mahali lazima nifike kabla miguu yangu haijapata muda wa kufikiri.

*

Nimerudi. Nitakuambia nilichofanya, bila mapambo.

Nilikwenda dukani. Baba yake Firoz alikuwa anafunga kamba, Firoz yuko juu ya gunia anakula karanga. Nikamwamkia mzee, akaitikia. Kisha nikasimama tu. Mzee akauliza, "Unataka viberiti, binti?" Nikasema, "Hapana. Gemu niliiharibu mimi. Niliianika juani. Shija hakujua." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka mama mmoja aliyekuja kununua chumvi akageuka.

Firoz akaacha kutafuna. "Uliianika? Kama mhogo?"

"Kama betri za redio."

Baba yake akashika kichwa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa. Alisema hata yeye alianika zake jana. Firoz hakucheka. Alisema, "Mimi nimemwita mipini ya majembe." Kisha akauliza, "Treni saa ngapi kesho?" Nikamwambia. Akasema atakuja stesheni. Akasema pia nikuambie kwamba, kwa kuwa mashine imekufa, mia tatu na kumi na mbili haiwezi kuvunjwa tena na mtu yeyote, kwa hiyo wewe ni bingwa wa milele na yeye anaona hiyo si haki hata kidogo.

Kutoka hapo nikaenda kwa fundi Hamisi. Walikuwepo wote. Nikasema, "Shikamooni. Mimi ndiye Kete Moja, na habari ya Pagazi haikuwa ya kweli," nikawaeleza. Fundi Hamisi akasimamisha cherehani. Akamwambia aliyekuwa mbele ya ubao, "Inuka, mwandishi akae." Nikakaa. Nilifungwa kwa mitaji minane. Nilipokuwa naondoka nikawaomba kete zao za akiba, wakanipa.

Shuleni nimebandika karatasi moja mahali pa taazia, yenye jina langu kamili chini.

Kisha nikarudi nyumbani, nikahesabu kete sitini na nne, nikazifunga katika ile leso yako, nami nitaziweka juu ya blanketi lako pamoja na barua hii. Wewe uko uani, unahangaika na kufuli la tranka. Sasa nachukua ndoo nakwenda bombani, kwa sababu leo ni zamu yako ya maji.

Mama yako mdogo,
Kabula